Maji Kutoka Mitaa ya Juu

Mvua ilikuwa imepiga mitaa ya juu tu. Huku bondeni, kwenye viwanja vya michezo vya umma, yalidondoka matone ya kuhesabika, yakalowesha vumbi, kisha jua likarudi kazini kana kwamba halikuaga mtu. Lakini mtaro mkubwa ulikuwa umeanza kunguruma, na mngurumo huo ndio waliokuwa wakiusubiri kwa miezi minne. Nyasi za viwanja vyote viwili zilikuwa zimebaki vishungi vya rangi ya katani, na ardhi imekuwa ngumu kiasi kwamba mtoto akianguka anaacha ngozi ya goti pale pale.

Wakamwita Pua.

Wazazi wake walimpa jina jingine, zuri tu, ila pale kazini hakuna aliyelikumbuka. Zamani alikuwa mfagiaji. Asubuhi moja, miaka tisa iliyopita, aliweka fagio chini akawaambia wataalamu kwamba maji yao ya mvua yana mafuta ya gari. Wataalamu wakatazama kifaa chao cha kupimia, wakatazamana, wakacheka. Siku ya tatu nyasi ziligeuka manjano. Kifaa chenyewe kilipokuja kufa hakikuzikwa wala hakikubadilishwa. Wahangaike ya nini, na Pua yupo?

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Maji ya mvua kutoka mitaa ya juu yaliteremka na mtaro hadi kwenye chemba iliyo nyuma ya nyumba ya pampu. Robo saa ya kwanza yaliachwa yaende zake mtoni, maana hayo ndiyo yanayofagia barabara. Baada ya hapo Pua alifunua mfuniko, akanusa, akatoa hukumu. Akisema "safi," valvu ilizungushwa na maji yakapita kwenye chujio la mchanga, yakaingia kwenye tangi, na kutoka humo yakanyunyiziwa viwanjani. Akisema "hapana," yote yaliachwa yapite. Maabara ya mjini hutoa majibu baada ya siku mbili. Pua alitoa hapo hapo.

Saa nne na nusu asubuhi alipiga magoti ukingoni mwa chemba, akafumba macho, akavuta hewa.

Hakusikia kitu. Si harufu mbaya, si harufu nzuri. Akavuta tena mpaka mbavu zikamuuma. Hewa tupu, kama redio isiyo na betri.

Miezi minne nyuma alishikwa na mafua yaliyomlaza juma zima. Mafua yalipoondoka, yaliondoka na pua yake. Mwanzoni alijiambia itarudi, na kila asubuhi alifungua kopo la kahawa akaingiza uso mzima humo ndani kama mwizi anayechungulia. Wapi! Vitunguu, sabuni, jasho la mumewe akirudi na lori kutoka safari zake za majuma matatu, vyote vilikuwa vimekufa. Hakumwambia mtu. Kiangazi kilimsitiri, kwa sababu bila mvua hakuna maji ya kunusa, na kila alipotaka kwenda kusema ofisini aliona heri asubiri kidogo. Alikuwa amefagia viwanja vile miaka kumi na miwili. Alijua mgongo wa mfagiaji unavyolia jioni, na alijua pia jinsi watu wanavyompita mfagiaji bila salamu. Huko hakutaka kurudi, na nisiwafiche, aliogopa kurudi kuliko alivyoogopa dhambi ya uongo.

"Pua, tuambie," alisema msimamizi wa viwanja, mwanamume mrefu asiyejua kusimama mahali pamoja. "Kesho mashindano ya wasichana. Shule sita. Nisiponyunyizia leo, nafunga viwanja mpaka masika. Siwezi kuwavunja watoto wa watu magoti."

"Subiri kidogo, mzee. Pua si bomba."

Akayatazama maji. Yalikuwa ya kahawia, yenye majani na vijiti, kama maji yote ya mvua. Hakukuwa na utando wa mafuta juu yake, hilo aliliona kwa macho. Akamgeukia fundi wa pampu, aliyekuwa ameshika gurudumu la valvu na sigara mdomoni.

"Fundi, hebu na wewe nusa. Unasemaje?"

Fundi akacheka mpaka sigara ikaruka. "Mimi? Mimi pua yangu niliichoma zamani, mama. Wewe sema, mimi nizungushe."

Maji yalikuwa yakipita, na mvua ya juu ingeweza kukatika dakika yoyote. Msimamizi alikuwa akimtazama kama mgonjwa anavyomtazama daktari. Pua alijiambia kwamba katika kila mvua kumi, tisa huwa safi. Hiyo ilikuwa kweli. Ile moja hakuifikiria, au tuseme aliifikiria akaifunika haraka.

"Safi," alisema.

Fundi akazungusha. Msimamizi akamletea daftari, naye akaandika tarehe, saa, neno lile moja, na sahihi yake. Mkono haukumtetemeka, na jambo hilo lilimtia hofu.

Mpaka saa saba tangi lilikuwa limejaa hadi juu. Saa ya pampu ilitegwa iwake yenyewe saa tisa kamili. Pua alikaa kwenye benchi nje ya nyumba ya pampu, chakula chake kikiwa kimefungwa mapajani. Hakukifungua.

Saa nane na nusu kocha wa wasichana aliingia getini na timu yake, vijana kumi na wanane wenye soksi za rangi rangi, wakipiga kelele. Kocha huyo alikuwa dada wa mumewe Pua. Mawifi hao walikuwa hawasemezani kwa mwezi wa pili sasa. Kisa kilikuwa sahani ya wali. Pua alimkaribisha wifi yake chakula, wali ukaja umejaa harufu ya mafuta ya taa, kwa sababu gunia la mchele lilikaa stoo karibu na dumu la mafuta hayo linalovuja. Kocha alikula matonge mawili, akanawa, akaondoka bila kuaga. Aliutangazia ukoo mzima kwamba mke wa kaka amemlisha mafuta ya taa makusudi. Pua angejibu nini bila kusema yote?

Basi kocha alipita mbele ya benchi kama anapita mbele ya ukuta, akaenda kusimama kwa fundi.

"Fundi, shikamoo. Mwambie huyo mwenzako aliyekaa hapo kwamba leo nimeharibu viatu kwa sababu ya hii njia yao. Tumeteremka kutoka huko juu tukiruka ruka kama vyura."

"Marahaba. Umesikia, mama?" fundi aliuliza kwa furaha. Ugomvi ule ulikuwa burudani yake.

"Mwambie nimesikia. Muulize ameruka nini, mvua yenyewe imekatika zamani."

"Mwambie si mvua," alisema kocha. "Huko nyuma ya maghorofa chemba za vyoo zimefumuka. Yanatoka tu, yanaingia barabarani. Wasichana wangu wote wameziba pua."

Nyuma ya maghorofa ndiko mtaro mkubwa unakoanzia.

"Zimefumuka lini?" Pua aliuliza moja kwa moja, akamsahau fundi.

Kocha alishtuka kusemezwa. Alimtazama fundi, kisha akajibu huku anatazama pembeni. "Mimi nitajuaje? Labda wakati wa mvua. Labda baadaye. Nilipopita zilikuwa zinatoka."

Labda wakati wa mvua, labda baadaye. Kama ni baadaye, tangi lilikuwa na maji mazuri, na mtu akiyamwaga angekuwa ameua viwanja kwa woga wake. Kama ni wakati wa mvua, ndani ya tangi lile mlikuwa na choo cha mtaa mzima, na kwa dakika ishirini na tano zijazo kitalala humo, kisha kitarushwa hewani juu ya watoto. Wasichana wale walikuwa na tabia ya kusimama katikati ya vinyunyizio na kufungua vinywa. Alishawafukuza mara ngapi!

Pua alisimama. Alijikaza kisabuni, akaenda mpaka mbele ya wifi yake.

"Wifi, nakuomba nyuma ya nyumba. Dakika moja."

"Mimi na wewe?"

"Nipige ukitaka, lakini twende."

Kuna namna ya kuomba ambayo hata adui hawezi kuikataa. Kocha aliwaamuru wasichana wapashe misuli moto, akamfuata. Nyuma ya nyumba ya pampu Pua alifunua mfuniko mdogo wa tangi, akashusha ndoo kwa kamba, akaipandisha nusu, akaiweka miguuni pa wifi yake.

"Nusa."

"Unanichezea? Umenilisha mafuta ya taa, sasa unataka ninuse mitaro? Si wewe ndiye Pua?"

"Sina pua, wifi." Sauti ilimtoka ndogo. "Tangu yale mafua. Sisikii harufu ya kitu chochote. Asubuhi nimesema safi, na sijui nimesema nini. Saa tisa pampu inawaka, na watoto wako wako uwanjani."

Badala ya huruma, kocha alipandwa na hasira. "Miezi minne! Na mimi nimemlilia kaka kwenye simu, nimekuita mchawi mbele ya shangazi zangu, wewe umenyamaza tu?"

"Nitukane baadaye. Nusa."

Kocha aliinama, akavuta pumzi moja ndefu. "Haya. Maji."

"Maji hayana harufu. Usivute hivyo, utaichosha pua. Funga mdomo. Vuta kidogo kidogo, mara tatu, kisha geuza uso upumzike. Sasa. Nini kinakuja kwanza?"

"Udongo."

"Udongo wa mvua, au wa kopo la maua lililokaa ndani ya nyumba?"

Kocha alivuta tena, uso umekunjamana. "Wa kopo. Mzito."

"Chini yake?"

"Kama... kama funguo."

"Hicho ni chuma, ni mabomba yetu. Pita. Kuna nini zaidi?"

Pua alikuwa amepiga magoti, ameshika ukingo wa ndoo kwa mikono miwili, macho yake kwenye uso wa wifi yake. Miaka tisa ya harufu ilikuwa kichwani mwake, imepangwa yote, haina mlango wa kuingilia. Hakutaka kumtajia neno. Akimtajia, wifi angelisikia hata kama halipo.

"Yai," alisema kocha polepole. "La zamani. Lakini kwa mbali sana."

Yai peke yake halikumwambia kitu. Majani yakilala mtaroni yakaoza hutoa yai hilo hilo. "Endelea. Geuza uso. Rudi."

Upande wa pili wa nyumba wasichana walikuwa wakihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, nne. Kocha alirudi kwenye ndoo mara ya nne, mara ya tano. Halafu akainua kichwa kama aliyeitwa.

"Sabuni," alisema. "Kuna sabuni humu. Tena si ya kufulia. Ile ya kuogea."

"Juu ya yai au mbali na yai?"

"Pamoja. Zimekaa pamoja."

Pua alifumba macho. Yai peke yake ni majani. Sabuni peke yake ni mtu kamwaga beseni mtaroni. Vyote viwili kwa pamoja hutoka mahali pamoja tu, kwenye bomba linalobeba bafu na choo.

"Ni maji taka," alisema, na tayari alikuwa anakimbia.

Saa ya ukutani katika nyumba ya pampu ilionyesha tisa kasoro dakika nne. Msimamizi alikuwa amesimama mbele ya swichi, simu mkononi, amejiandaa kupiga picha maji ya kwanza. Fundi alikuwa kando yake.

"Zimeni," alisema Pua akihema. "Maji ni machafu."

Msimamizi alitabasamu kama mtu aliyetaniwa. "Machafu vipi?"

Hapo ndipo uongo ulipomjia, mtamu na ulio tayari, wala hakuutafuta. "Nimerudia kunusa. Yana choo ndani yake."

Msimamizi alichukua daftari, akaweka kidole. "Saa nne na dakika arobaini. Safi. Sahihi yako. Tangu lilipojaa, valvu imefungwa na tangi limefunikwa. Maji yaliyofungwa yatachafuka na nini? Umechoka, Pua. Umekaa juani tangu asubuhi bila kula, nimekuona. Pua yako ya asubuhi ndiyo ninayoiamini. Haijakosea hata siku moja."

Akamtazama fundi, naye fundi akaitikia kwa kichwa. Walikuwa watu wema wote wawili. Walimheshimu, na heshima hiyo ndiyo iliyomfungia mlango. Dirishani wasichana walikuwa wameshaacha mazoezi. Walijua saa ya maji, na walikuwa wakijipanga kila mmoja kwenye kinyunyizio chake, wakisukumana.

"Mzee, nakuomba..."

Kitu ndani ya sanduku la swichi kikalia tak. Pampu ikakohoa, ikaanza kuzunguka.

"Asubuhi sikunusa!" Pua alipiga kelele. "Siwezi kunusa. Miezi minne sinusi kitu, nimekudanganya, nimewadanganya wote. Nilibahatisha. Zima!"

Msimamizi aliduwaa, mkono hewani. Alimtazama kama vile amesema lugha nyingine. Nje vichwa vya vinyunyizio vilikuwa vimeshachomoza kwenye nyasi, vikitema hewa, na wasichana wakashangilia.

"Ni kweli," ilisema sauti ya kocha mlangoni. Alikuwa ameshika ndoo. "Wali wa mafuta ya taa aliula sahani nzima mbele yangu, akajiongezea. Mimi nikadhani ni jeuri. Mtu mwenye pua hawezi. Zima hiyo mashine au nikumwagie hii usoni ujinusie mwenyewe!"

Msimamizi alibonyeza kitufe chekundu kwa kiganja kizima.

Pampu ilishuka sauti taratibu, ikanyamaza. Nje vinyunyizio vilitoa mlio wa mwisho wa hewa na kurudi ardhini, na msichana mmoja akasema "aaah!" kwa masikitiko, na wenzake wakamfuata. Walikuwa wakavu kabisa. Pua aliwahesabu, kumi na wanane, kisha akawahesabu tena.

Msimamizi aliinamia ndoo. Hakuhitaji mafunzo, kwa sababu mtu akishaambiwa anachokitafuta hukipata upesi. Alijiondoa haraka, akakaa kwenye kiti cha fundi, akafungua daftari na kukata lile neno kwa mistari miwili.

"Miezi minne," alisema.

"Ndiyo."

"Ungekuja ukasema, ningetafuta kifaa. Ningepiga kelele halmashauri, ningefanya kitu. Mimi nililala usingizi kwa sababu yako." Hakuwa anafoka, na afadhali angefoka. "Kesho hakuna mashindano. Leo hii napigia shule zote sita. Jumatatu utachukua fagio mpaka wakubwa waamue, na sijui wataamua nini. Sitakuombea."

"Sawa, mzee."

"Wala usinishukuru."

Hakumshukuru. Alitoka nje, akaegemea ukuta, akalia kwa sauti bila kuficha uso, na fundi akapata kazi ya haraka ya kufanya mahali pengine.

Saa kumi lilikuja gari la kunyonya maji taka, likaingiza mpira wake kwenye tangi na kuanza kuvuta. Maji yalipopungua na tope la chini kutibuliwa, kila mtu aliyekuwa karibu alijua sasa. Dereva wa gari alijifungia ndani na kupandisha vioo. Msimamizi alirudi nyuma mpaka getini, akaendelea kupiga simu akiwa huko. Wasichana walishaondoka. Kilichobaki kilikuwa chujio, beseni kubwa la zege lililo wazi, limejaa mchanga uliokunywa uchafu ule kutwa. Mchanga wote mchafu ulitakiwa kutolewa, mpaka ufikiwe ulio safi, kabla haujakauka, na fundi aliukaribia mara mbili, mara zote mbili akatapika.

Pua alivaa mabuti ya mpira na glavu, akachukua beleshi, akashuka ndani ya beseni. Mchanga ulikuwa mzito, ndio tu. Alichota, akarusha kwenye toroli, akachota. Hakuna aliyemwamuru. Alikuwa ameshatoa toroli tatu alipoona mtu wa pili anashuka upande wa pili, kitambaa kimefungwa usoni mpaka chini ya macho, suruali imekunjwa.

"Wifi, toka humu. Huwezi."

"Nimekuuliza?" Kocha alitumbukiza beleshi, akageuka pembeni, akakohoa mpaka machozi yakamtoka, akarudi. "Wewe una bahati kweli. Hujui tu."

"Kunanukaje?"

"Usiniulize. Chota."

Walichota. Hawakuzungumza mengi. Mara mbili kocha alipanda juu kuvuta hewa, na mara zote mbili alishuka tena huku anatukana, akiitukana mvua, maghorofa, na kaka yake aliyekwenda kuoa mwanamke mwenye kichwa kigumu. Jua lilipoanza kulegea walikuwa wamefika kwenye tabaka la chini, mchanga mnene wa rangi ya kijivu. Kwa macho, wa juu na wa chini ulikuwa mmoja. Pua aliuchota kiganjani, akaupeleka usoni kwa mazoea, kisha akaushusha. Akanyoosha mkono kwa wifi yake.

Kocha alifungua kitambaa. Alifunga mdomo. Alivuta kidogo kidogo, mara tatu, akageuza uso, akarudi.

"Bado," alisema. "Sabuni imekwisha. Yai lipo."

Wakashuka shubiri nyingine. Mgongo ulikuwa ukimkumbusha Pua miaka yake yote. Akachota kiganja kingine, akakinyoosha.

Safari hii kocha alikaa muda mrefu ameinamia mkono ule. Pua alimtazama kope, pua, kona za mdomo, akitafuta jibu kabla halijasemwa, na hakuona kitu.

"Mchanga," alisema kocha. "Mchanga tu."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Pua hakuwa na njia nyingine ya kujua. Alimwamini, akaweka beleshi chini.